Paneli ya Gololi Tatu

Mkono ulianza kuniuma mwaka ule tulipohamia chumba cha nyuma ya duka la vitambaa, pale Ukunda. Mwanzoni nilidhani nimelala vibaya. Kisha maumivu yakawa na saa zake. Nikishafanya kazi kwa saa mbili, yalianzia kwenye kifundo cha mkono wa kulia, yakapanda polepole mpaka karibu na kiwiko, na baadaye yakawa hayaondoki hata Jumapili nisipogusa kompyuta.

Kazi yangu ni kuhariri video. Nyingi ni za harusi. Zinazofuata ni za hoteli za Diani zinazotaka kuonyesha vyumba na mabwawa ya kuogelea, na mara mojamoja za watu wanaowapeleka wageni kupiga mbizi kule Wasini. Picha huchukuliwa na mwenzangu mmoja mwenye kamera zake, lakini kukata, kupanga na kusawazisha rangi ni kazi yangu peke yangu.

Kusawazisha rangi ndiko kulikoniumiza. Kamera haioni kama jicho. Mtu yuleyule ukimchukua barazani asubuhi, kisha umchukue ukumbini chini ya taa za kijani na zambarau, atatoka watu wawili, na ni juu yako kumrudisha awe mmoja. Kwenye programu kuna viduara vitatu. Kimoja ni cha sehemu za giza za picha, kingine ni cha katikati, ambako ngozi ya mtu mara nyingi hukaa, na cha tatu ni cha mwangaza. Unakamata kitone kwa mausi, unakivuta kidogo, unaachia, unatazama. Halafu unakwenda kiduara cha pili, na ukishakisogeza hicho unagundua cha kwanza nacho kinataka kuguswa tena. Harusi moja ina vipande mamia. Siku nzima nilikuwa nimekunja vidole vitatu juu ya kitu kisichozidi ukubwa wa embe dodo, nikikisogeza kwa upana wa unywele.

Daktari niliyemwendea aliniandikia dawa ya kuchua na kunifunga bendeji. Aliniuliza kama kazi yangu ni lazima ifanywe kwa mkono mmoja. Nikamjibu kwamba ndiyo, na nilipokuwa nikimjibu hivyo niliamini ni kweli.

Katika miezi hiyo ya bendeji ndipo tulipopata harusi moja ya Msambweni. Bi harusi alikuwa mweusi, mweusi wa kung'aa, na siku ile alivaa dhahabu na kitambaa chekundu kilichomkaa vizuri sana. Mkono uliponishinda nilifanya jambo ambalo nilikuwa nimeanza kulizoea. Kuna rangi za tayari zinazouzwa mtandaoni. Unazibandika juu ya filamu nzima kwa kubonyeza mara moja, na kila kitu kinang'aa, anga inakuwa buluu, watu wanakuwa weupe kidogo. Wateja wengi walizipenda, na wengine walikuja wakiziomba. Nikazibandika, nikatazama mwanzo na mwisho, nikapeleka kazi.

Siku ya nne mama wa bi harusi alipiga simu akauliza kama anaweza kunitembelea. Alikuja na mwanamke mwingine, mtu mzima aliyefunga leso kiunoni juu ya buibui, na mikono yake ilikuwa na rangi ya hina mpaka kwenye mifereji ya kucha. Niliwaamkia shikamoo, wakaitikia, nikawapa viti. Mama hakuja na hasira. Alisifu jinsi nyimbo zilivyokaa na jinsi nilivyomwonyesha marehemu babu katika picha ya ukutani. Kisha akaniomba nifungue pale bi harusi anapotolewa ndani.

"Mwanangu," akasema, "kazi ni nzuri. Lakini huyu si binti yangu. Binti yangu mweusi, na mume alimwoa akimjua mweusi."

Yule mwenzake akainuka, akasogea hadi kwenye skrini, akaweka kidole juu ya mikono ya bi harusi.

"Na hii si hina yangu," akasema. "Mimi sikumtia piko hata tone. Mtu akitazama hapa ataapa nimemtia piko."

Ndivyo nilivyojua kwamba yeye ndiye mpambaji aliyemtengeneza bi harusi yule, na kwamba alikuwa amekuja kwa ajili ya kazi yake mwenyewe. Na alikuwa na haki. Piko ni nyeusi, hina ni nyekundu yenye udongo ndani yake, na mimi mambo hayo nilikuwa nayajua tangu utotoni. Wazazi wangu walitoka bara, wakapata shamba kwenye ardhi ya makazi upande wa kusini, na ingawa Jumapili tulikwenda kanisani, sikukuu za majirani zetu Wadigo zilikuwa zetu pia, na mikono yangu ilipakwa hina pamoja na ya binti zao. Rangi zile za tayari zilikuwa zimemng'arisha bi harusi uso na kumkaushia wekundu wote mikononi, nami nikapita hapo bila kuona.

Niliwaahidi kuirudia kazi yote. Mama akarudi Msambweni mchana huo, lakini mpambaji akasema ana bi harusi mwingine Ukunda jioni, kwa hiyo ataketi kidogo atazame. Alivuta kiti cha plastiki akakaa begani kwangu.

Yeye hakujua jina la kiduara hata kimoja, lakini rangi aliijua. Alikuwa akisema, "Bado, hiyo ni matofali." Nikivuta, anasema, "Sasa imepauka." Nikivuta tena, anasema, "Hapo, hapo, umepapita." Shida ilikuwa kwamba nilipokwisha kuacha kiduara cha katikati na kwenda kukamata cha giza, ule wekundu aliokuwa ameukubali ulikuwa umekwisha kupotea, na yeye hakumbuki ulikuwa upi. Kufikia alasiri tulikuwa tumepata vipande vinne, na mkono wangu umevimba juu ya bendeji.

Aliutazama, kisha akatazama ule wa kushoto uliokuwa umelala mapajani.

"Na huo mwingine, kazi yake nini?" akauliza.

Nikamweleza kwamba zipo mashine zilizotengenezwa kwa kazi hii, paneli zenye gololi kubwa za kuviringisha kwa vidole ili kusogeza rangi, na vizungushio kama vya redio, mtu anazitumia kwa mikono yote miwili. Nilikuwa nimewaona watu wa nchi nyingine wakizitumia, na siku zote nilizichukulia kuwa ni vitu vya watu wenye studio kubwa za filamu. Aliniambia tu kwamba kama zipo, basi nikatafute.

Kuirudia harusi ile kulichukua wiki mbili. Mpambaji alikuja mara nne, kila akipata nafasi, na mwishowe mama wa bi harusi akaridhika. Lakini mimi nilishajua kwamba sitaweza kufanya vile tena kwa mausi.

Kitu cha kwanza nilichojaribu hakikuwa paneli ya rangi kabisa. Fundi wa sauti wa kwaya yetu kanisani alisikia nikilalamika, akaniambia kwamba ana kibao kidogo cha vizungushio kinachotumiwa na watengenezaji wa muziki, na kwamba kuna watu wamekifundisha kuamrisha programu za video. Alinikopesha kwa moyo mweupe. Nilikaa siku mbili nikikifundisha: hiki kiwe wekundu wa giza, hiki wekundu wa katikati, hiki kijani. Nilipomaliza nilikuwa na vizungushio kumi na sita vyenye vipande vya karatasi nilivyobandika, na nilijiona nimepata dawa.

Tatizo lake lilijitokeza nilipohama kutoka kipande kimoja kwenda kingine. Kizungushio cha namna ile kina mwanzo na mwisho. Kikiwa kimeelekea kulia kwa sababu ya kipande kilichopita, kipande kipya hakijui hilo. Ukikigusa tu, rangi inaruka ghafla kwenda pale kizungushio kilipo. Bwana harusi mmoja aligeuka mwekundu mbele yangu kama aliyeumwa na nyuki. Na tena, ili kuipa ngozi joto kidogo nililazimika kugusa vizungushio vitatu, kimoja baada ya kingine, huku nikihesabu. Baada ya wiki nilikirudisha nikimshukuru sana. Aliuliza kama kimenifaa. Nikamwambia kimenifundisha nisichotaka, na ilikuwa kweli.

Cha pili alikileta mume wangu. Yeye ni fundi wa umeme katika hoteli moja ya Diani, na hotelini habari huzunguka. Alisikia kwamba mgeni mmoja aliyekuwa akitengeneza filamu za wanyama, aliyekaa miaka mingi katika nyumba ya kupanga karibu na ufuo, anafunga virago na kuuza vyombo vyake. Tukaenda kutazama Jumamosi asubuhi.

Kati ya vyombo hivyo kulikuwa na paneli ya rangi, imefunikwa kwa shuka. Mwenyewe akaiondoa shuka. Upana wake ulikuwa kama wa kitanda cha mtoto. Ilikuwa na gololi nne, kila moja na pete yake ya kuzunguka, na juu yake safu za vizungushio na vidirisha vidogo vinavyowaka maandishi. Mwenyewe alinikalisha mbele yake. Niliweka mikono, na gololi zilizunguka bila sauti, zikasimama pale pale nilipoziacha. Niliitaka. Sitaficha hilo. Sikuifikiria kazi wakati ule. Nilijiona tu nimeketi nyuma yake, na watu wanaingia na kuniona.

Mume wangu alikuwa na mawazo hayohayo. Yeye amekulia Machakos na hata baada ya miaka yote hii pwani Kiswahili chake hakijabadilika.

"Hii kitu wateja wakiiona tu," akasema tulipokuwa nje, "hawaulizi swali lingine."

Muuzaji alikuwa mtu wa haki. Aliniambia mwenyewe kwamba paneli ile ni ya zamani, na kwamba inaelewana na toleo la programu ambalo watu wengi wamekwisha kuliacha. Kwa sababu hiyo yeye hakuwa ameibadilisha kompyuta yake kwa miaka. Alikubali tuichukue pamoja na kompyuta hiyo kwa siku tatu tuijaribu chumbani kwetu, na akaja nayo mwenyewe kwa gari.

Ilipokaa juu ya meza, meza ikaisha. Kibodi ilibidi niiweke mapajani. Mpambaji alipita siku ya pili, kwa kuwa nilimwambia aje aone, akasimama mlangoni akiitazama kwa heshima zote. Kisha akauliza, "Nami nitakaa wapi?" Tulijaribu kukiweka kiti chake kila upande. Upande wa kulia kulikuwa na ukuta, na upande wa kushoto alikuwa mbali na skrini kiasi kwamba hakuiona vizuri. Alikaa nyuma yangu, akawa anasema na kisogo changu.

Siku hiyo hiyo, saa nane mchana, stima zilipotea. Hilo kwetu si jambo la ajabu. Nina betri ya akiba ambayo kwa kawaida hunipa muda wa kutosha kumaliza nilichokuwa nikifanya na kuhifadhi kazi bila haraka. Safari hii ilianza kulia mara moja, na kabla sijahifadhi chochote kila kitu kikazima. Mume wangu aliporudi kazini nilimweleza. Umeme uliporejea alitoa kipimo chake, akapima paneli peke yake, akapima kompyuta ile, akagusa mgongo wa paneli kwa kiganja kuona joto lake. Alirudia kupima: viwili hivyo vilikula umeme kuliko betri yetu inavyoweza kutoa. Yeye ndiye aliyekuwa ameipenda kuliko wote, na yeye ndiye aliyesema bila kuulizwa, "Hii si yetu."

Nilimkasirikia kwa siku mbili. Nilijua kwamba ana haki, na kiti cha mpambaji nilikiona kwa macho yangu, lakini bado niliitaka. Tulipoirudisha, mwenyewe hakukasirika. Alisema aliwahi kufikiri hivyo hivyo, kwamba ametumia nusu ya maisha yake akiitunza mashine ili impe nusu nyingine afanye kazi.

Basi nikaenda Mombasa. Mpambaji alikuwa na safari ya kununua hina na maua, kwa hiyo tulivuka Likoni pamoja asubuhi na tukaanza na duka la vifaa vya video nililolifuata mimi. Duka lilikuwa ghorofani, na muuzaji alikuwa mwanamke wa makamo aliyevijua vitu vyake kwa kuvitumia, si kwa kusoma maboksi. Nilimweleza kila kitu: harusi, hoteli, bendeji, chumba kidogo, na kwamba mara nyingi mteja huketi kando yangu. Hakunionyesha vitu vingi. Aliweka viwili mezani.

Kimoja kilikuwa kidogo kama sahani ya chai, chenye gololi moja na pete moja. Uzuri wake ni kwamba kilielewana na programu karibu zote, pamoja na hii niliyokuwa nikiitumia kwa miaka minane. Cha pili kilikuwa na gololi tatu kwa mstari, na vizungushio kumi na mbili juu yake, chenye ukubwa wa sinia la wastani. Hakikuhitaji umeme wake. Kilikula kutoka kwenye kompyuta kwa waya mmoja. Lakini muuzaji aliniambia waziwazi kwamba kinaitii programu moja tu, na programu hiyo siyo yangu. Nikikichukua, nahama.

Kuhama programu si jambo dogo. Ni kama mpishi kuambiwa ahamie jiko la mtu mwingine, ambako chumvi hajui iko wapi. Nilijua kwamba nitakuwa mwanafunzi tena mbele ya wateja wangu.

Nilikuwa nimebeba kipande cha harusi ya Msambweni, kile kabla hakijasawazishwa. Muuzaji akakifungua kwenye kompyuta ya duka. Nilianza na kile cha gololi moja. Unabonyeza kuchagua giza, unazungusha. Unabonyeza kuchagua katikati, unazungusha. Kifundo changu kilipumzika, hilo nililisikia mara moja. Lakini zamu zilikuwa zilezile: hiki kwanza, kile baadaye, na mpambaji nyuma yangu akisema nimepapita.

Kisha nikasogea kwenye gololi tatu. Niliweka mkono wa kushoto kwenye ya giza na wa kulia kwenye ya katikati. Nilisukuma giza kidogo upande wa baridi, na wakati huohuo nikapandisha joto la ngozi. Uso wa bi harusi ulibaki mweusi, ukapata uhai, na mikononi mwake ule wekundu ukajitenga na ngozi, kila ua na jani lake. Haikuchukua muda. Sijui nieleze vipi kwa mtu asiyefanya kazi hii. Kwa miaka minane nilikuwa nimeona rangi zikibadilika moja moja, na sikuwa nimewahi kuona mbili zikielekea kukutana.

Mpambaji hakuomba ruhusa. Alipenyeza mikono yake chini ya yangu akashika gololi mwenyewe. Akajaribu huku na huku, akagundua kwamba akisukuma juu kidogo upande wa kushoto uso unapata joto, na akirudisha chini unapoa. Aliipata hina yake akafurahi, akaendelea kusukuma, akaipitisha mpaka bi harusi akawa kama aliyekaa mbele ya tanuri. Muuzaji alicheka na kumwonyesha kitufe cha kurudisha nyuma.

Niliomba muda wa kufikiri. Tulishuka kwenye mgahawa wa chini tukanywa chai na mahamri. Nilimweleza mpambaji habari ya programu, kwamba nikichukua hiki nitapoteza mazoea yangu yote, na nikichukua kile kingine sitapoteza kitu, na mkono utapona vilevile. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mimi mkono huu unapaka," akasema, "na huu umeshika mkono wa bi harusi. Ukiniondolea mmoja, nitampaka nani? Atakuwa anatikisika tu."

Akarudi kwenye chai yake, akaanza kuniuliza kuhusu bei ya maua. Mimi nilimaliza mahamri yangu, tukapanda tena ghorofani, nikachukua cha gololi tatu.

Ningependa kusema kwamba mambo yalikuwa mazuri kuanzia hapo. Wiki za kwanza zilikuwa mbaya kuliko mausi. Nilikuwa nikikusudia giza, mkono unasukuma mwangaza, na ukuta mweupe wa hoteli unageuka waridi. Kazi za zamani hazikufunguka katika programu mpya, kwa hiyo kwa miezi miwili nilikuwa na majiko mawili: nilimalizia za zamani kwa mausi asubuhi na kuanza mpya kwa paneli mchana. Hoteli moja ilingojea filamu yake wiki mbili kupita siku tuliyokubaliana. Nilikwenda kwa meneja mwenyewe kumwomba radhi na kumweleza ukweli. Aliniambia nimalize, lakini kazi iliyofuata akampa mtu mwingine, na sikumlaumu.

Kisha maumivu yakahama. Kifundo kilianza kupata nafuu, na bega likaanza. Mume wangu alinitazama nikifanya kazi kwa muda, akaona kwamba nimeinua viwiko kama kuku anayetaka kuruka. Meza ilikuwa imeinuka mno kwa kitu cha kulaza mikono juu yake. Jumapili baada ya ibada alitoa msumeno akaikata miguu yake minne, akapima kwa kamba, akakata tena kidogo. Bega likatulia. Bendeji niliiacha, ingawa mpaka leo nikishika mausi kwa muda mrefu kifundo hunionya.

Mpambaji aliendelea kuja, na maharusi aliowapamba yeye nikawa nawasawazisha tukiwa wawili. Kiti chake kiliingia vizuri upande wa kushoto. Katika harusi moja ya Ukunda tulifanya kazi kwa raha sana, akaipata hina, akaupata uso, tukakubaliana kwamba hatujawahi kufanya nzuri kama ile. Familia ikapiga simu: kwenye televisheni yao watu wote walikuwa rangi ya machungwa. Mpambaji aliumia. Alidhani mikono yake ndiyo iliyoharibu, akasema hatagusa tena. Mimi nilikwenda nayo filamu ile kwenye televisheni ya jirani, kisha ya kanisani, kisha kwenye simu tatu, na kote ilikuwa ya machungwa. Kwenye skrini yangu tu ndiko ilikokuwa sawa. Skrini ile ilikuwa imezeeka ikaelekea buluu, kidogo kidogo, na mimi nikazeeka nayo bila kujua. Nilikuwa nimehangaika mwaka mzima kuchagua kitu cha kushika, na kitu cha kutazamia sikukiuliza hata mara moja. Nilimpigia yule muuzaji wa Mombasa. Akasema hilo lilikuwa la yeye kuniuliza siku ile, akaniazima kifaa cha kupimia rangi za skrini. Tukairudia harusi ya Ukunda tangu mwanzo. Mpambaji nilimwita nikamwonyesha vipimo, nikamwambia mikono yake haikukosea. Alitazama mistari ile asiielewe, lakini akakaa.

Watu wa Wasini nao walianza kuja wenyewe badala ya kutuma. Chini ya maji wekundu ndio unaopotea kwanza, na kila kitu hutoka na ubuluu wa sabuni. Nahodha mmoja anayepeleka wapiga mbizi alikaa kando yangu nikimrudishia samaki mmoja wekundu wake, nikidhani atafurahi. Akasema hapana. Samaki yule ni mwekundu akishapandishwa juu, alisema, lakini kule chini anakoishi hajawahi kuwa hivyo, na wageni wakishuka watamtafuta wasimwone. Tulibishana kwa adabu karibu saa nzima, mikono yangu ikiwa juu ya gololi, nikimsogeza samaki huku na huku. Tulimwacha katikati: mwekundu wa kutosha kujulikana ni nani.

Mwaka huu mpambaji amehamia Lunga Lunga kwa muda, kwa binti yake aliyejifungua pacha, na sijui atarudi lini. Tunaongea kwa simu. Kazi ya mwisho niliyoifanya ni ya kikundi cha wanawake wa Kinango wanaofuga mbuzi. Walitaka filamu fupi ya kuonyesha shughuli zao, kuanzia nyumbani mpaka soko la mifugo. Mwenzangu alizichukua picha wakati wa ukame, na kila kipande kilikuwa na vumbi: vumbi kwenye leso, vumbi kwenye migongo ya mbuzi, vumbi hewani likiwa limekamata jua. Nilikaa peke yangu. Ningeweza kulipunguza. Kwa mkono wa kulia niliupoza mwangaza kidogo, na soko likawa safi kama la mji mwingine. Nikarudisha. Nililiacha vumbi mahali pake, nikashughulika na nyuso tu, ili kila mwanamke ajulikane ndani ya vumbi lile.

Niliwatumia. Siku mbili baadaye mwenyekiti wao alinipigia, akanisalimia kwa kirefu, akaniuliza habari za watoto na za mvua za huku kwetu. Kisha akasema wameitazama wote pamoja, na wana ombi moja: jina la kikundi pale mwisho linapita upesi mno, wazee hawawahi kulisoma. Kuhusu rangi hakuna aliyesema neno. Nililirefusha lile jina kwa sekunde nne, nikawatumia tena.